Mabango, karoti na sauti za redio: vitu vya Vita Kuu ya Pili tunavyovikumbuka kinyumenyume

Kila ifikapo tarehe 8 Machi, picha moja huzunguka kwenye simu za watu: mwanamke aliyejifunga kitambaa chekundu chenye madoa meupe kichwani, amekunja mkono wa shati la buluu na kutunisha msuli, na juu yake maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba tunaweza. Maelezo yake huwa ni yaleyale. Huyu ni Rosie, tunaambiwa, na bango hili ndilo lililowatoa mamilioni ya wanawake wa Marekani jikoni likawapeleka viwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maelezo hayo yana makosa matatu. Mchoraji hakumpa mwanamke huyo jina la Rosie, bango halikumtoa mtu yeyote nyumbani kwake, na Wamarekani walio wengi hawakupata kulitia machoni vita vilipokuwa vikipiganwa.

Bango hilo lina wenzake. Ukivikusanya vitu vinavyotajwa sana leo kuwa ndiyo sura ya miaka ya 1939 hadi 1945, utashangaa ni vingapi havikuwa na jina lolote wakati huo. Viliokotwa baadaye na watu waliokuwa na haja zao za wakati wao. Vile vilivyotamba kweli, vingine havina anayevijua tena. Mkanganyiko huu hauna uhusiano mkubwa na ujinga wa watu wa mitandaoni. Unatokana na jinsi burudani na kazi ya kuwashawishi watu vilivyochanganyika katika vita vile, kisha na jinsi miaka sitini iliyofuata ilivyochambua mabaki.

Kinachopendwa na kinachosukumwa

Tuanze na maneno mawili. Utamaduni pendwa ni vile vitu ambavyo watu wengi huvifuata kwa hiari yao ili wajiburudishe: nyimbo, filamu, vibonzo, vichekesho, vipindi vya redio, mitindo ya dansi. Asiyependa huzima redio, na hadithi imekwisha. Propaganda ni ujumbe unaotungwa na kusambazwa kwa makusudi ili watu wafikiri au watende anavyotaka mtumaji.

Wengi wetu tukisikia propaganda tunasikia uongo. Lakini tangazo la kuwataka wakazi wa London wafunike madirisha usiku ili ndege za adui zisione mwanga lilikuwa propaganda, na ndani yake hamkuwa na uongo hata chembe. Ukweli au uongo wa ujumbe ni suala moja. Kwamba umetungwa ili ukusukume mahali fulani ni suala jingine. Waliofanya kazi hiyo wakati wa vita walijua kuwa ukweli, ukipatikana, hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu hauna siku ya kuumbuka.

Wenyewe huigawa propaganda kwa rangi, na mfano wa barua unatosha kueleza mgawanyo huo. Propaganda nyeupe ni barua iliyotiwa jina la kweli la mwandishi: serikali inasema, na kila mtu anajua ni serikali inayosema. Ya kijivu ni barua isiyo na jina. Nyeusi ni barua yenye saini ya kughushi. Adui ndiye ameandika, lakini chini limewekwa jina la ndugu yako. Rangi hizi zinahusu nani anasema, wala hazihusu kama anachosema ni kweli. Tutaona hapa chini redio nyeusi iliyotangaza habari za kweli kwa sehemu kubwa ya muda wake.

Sasa, kuna vitu vyenye harufu zote za propaganda ambavyo hakuna serikali iliyoviagiza. Chukua kile kibonzo cha Captain America. Toleo lake la kwanza lina tarehe ya Machi 1941, na lilikuwa madukani tangu Desemba 1940. Kwenye jalada shujaa anamtandika Adolf Hitler ngumi ya taya. Watu wakiliona leo husema, bila shaka, Wamarekani walikuwa vitani, serikali ikatoa picha ya kuwapa watu moyo. Hesabu miezi. Japani ilishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, karibu mwaka mzima baada ya jalada hilo kutoka. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, na raia wake wengi hawakutaka iingie. Waliochora ni Joe Simon na Jack Kirby, vijana wawili Wayahudi wa New York waliokuwa wakifanyia kazi kampuni binafsi ya vibonzo, na walijua vizuri Ujerumani ilikuwa ikiwatenda nini Wayahudi wenzao. Waliletewa barua za matusi na vitisho kutoka kwa Wamarekani waliomwunga mkono Hitler. Serikali haikuwa nyuma ya kibonzo.

Bango lililolala ghalani

Upande wa pili kuna kitu kilichoagizwa na serikali kwa kila hali na kisipate kufanya kazi hata siku moja. Unalijua: bango jekundu lenye taji juu, na chini yake maneno ya Kiingereza yanayomwambia mtu atulie na aendelee na shughuli zake. Limechapwa kwenye vikombe, fulana na vifuniko vya simu duniani kote, na limegeuzwa kila namna ya utani. Ukiuliza, utaambiwa ndilo lililowatia Waingereza moyo mabomu ya Ujerumani yalipokuwa yakiwanyeshea.

Bango hilo liliandaliwa katika majira ya joto ya mwaka 1939, kabla vita havijatangazwa, na watu waliokuwa wakiunda Wizara ya Habari ya Uingereza. Lilikuwa moja kati ya matatu. Mawili yalibandikwa nchini kote vita vilipoanza Septemba. Hili la tatu, ambalo zilichapwa nakala zinazokaribia milioni mbili na nusu, liliwekwa akiba kwa ajili ya siku ya maafa makubwa: miji ikishambuliwa vibaya kwa mabomu, au Wajerumani wakitua nchini.

Hayo mawili yaliyobandikwa yalipokelewa vibaya. Moja liliwaambia watu kwamba ujasiri wenu, uchangamfu wenu na uthabiti wenu ndio utakaotuletea sisi ushindi. Msomaji wa kawaida barabarani alikaa na viwakilishi hivyo akaona picha: ninyi mtaumia, sisi tutashinda. Malalamiko yalikuwa mengi, wizara ikawa mada ya kejeli magazetini, na watumishi wake wakapoteza hamu ya kutoa bango jingine la aina ileile. Mabomu yalipokuja kweli mwaka 1940, lile la akiba halikutolewa. Karatasi ilikuwa adimu, na shehena kubwa ya nakala zake ikasagwa ili itengenezwe karatasi nyingine. Kwa umma wa Uingereza, bango hilo lilikuwa kama halikuwepo.

Lilifufuka mwaka 2000. Stuart Manley, mwenye duka la vitabu vilivyotumika liitwalo Barter Books katika mji wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, alilikuta limekunjwa chini ya sanduku la vitabu alivyonunua mnadani. Yeye na mkewe walilitia fremu wakaliweka karibu na mahali pa kulipia. Wateja wakaanza kuuliza linauzwa kiasi gani, na baada ya muda duka likaanza kuuza nakala. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulipowakuta watu wakihangaika na kazi na nyumba zao, bango la kumwambia mtu atulie likapata soko ambalo waliolibuni hawakuliota.

Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Waingereza wa 1939 walioonyeshwa maneno ya mtindo huo waliyaona ni majivuno ya wakubwa. Wajukuu wao, waliolala salama, waliyaona ni busara ya mababu. Maneno hayakubadilika hata herufi.

Mwanamke wa kitambaa chekundu

Turudi kwa huyu dada. Bango lake lilichorwa na J. Howard Miller, msanii wa Pittsburgh, kwa ajili ya kampuni ya umeme ya Westinghouse. Lilipangiwa kubandikwa ndani ya viwanda vya kampuni hiyo kwa muda wa wiki mbili hivi za Februari 1943, kisha litoke na nafasi yake ichukuliwe na jingine la mfululizo huohuo. Walioliona walikuwa wafanyakazi ambao tayari walikuwa kazini. Haliwezi kuwa liliwaita wanawake waje viwandani, kwa kuwa halikubandikwa mahali ambapo mwanamke aliye nyumbani angeliona.

Lilikusudiwa nini basi? Mfululizo huo wa mabango ulikuwa wa menejimenti. Ulitaka uzalishaji usishuke, utoro kazini upungue, na mvutano kati ya wafanyakazi na wakubwa usiishie kwenye mgomo. Ule wingi uliomo kwenye kauli ya kwamba tunaweza ulikuwa na maana ya sisi wa kiwanda hiki, wakubwa kwa wadogo, tushikamane tumalize kazi. Kuisoma kama kauli ya wanawake wakidai nafasi yao ni usomaji wa miaka ya 1980, bango lilipochimbuliwa kutoka kwenye nyaraka na kuanza kuchapwa upya. Sisemi usomaji huo ni haramu. Picha ikishatoka mikononi mwa mchoraji ina safari zake. Nasema tu usirudishwe nyuma miaka arobaini ukaitwa historia.

Na Rosie ni nani? Jina hilo lilitokana na wimbo uliotungwa mwaka 1942 na Redd Evans na John Jacob Loeb, unaomsifu msichana wa kiwandani anayepigilia ribiti, yaani pini za chuma za kuunganishia mabati, kwenye ndege. Kisha, tarehe 29 Mei 1943, jarida la Saturday Evening Post lilitoka na jalada la Norman Rockwell. Hilo ndilo lililoonwa na mamilioni wakati wa vita. Rockwell alimchora mwanamke wa miraba minne, mashine ya ribiti mapajani, mkate mkononi, na kiatu chake kimekanyaga kitabu cha Hitler. Jina la Rosie limeandikwa kwenye kopo lake la chakula. Mtu akikuuliza Rosie wa wakati wa vita alikuwa na sura gani, sura ni hiyo. Lakini picha ya Rockwell ilikuwa na wenye haki nayo, na kuichapa kwenye fulana kulihitaji ruhusa na malipo, ilhali bango la Miller lilikuwa halina wa kulipwa. Kitu cha bure husafiri, na kilipofika mbali watu wakakivika jina la yule wa kwanza.

Sura ya bangoni nayo ina kisa chake. Katikati ya miaka ya 1980 mwanamke aitwaye Geraldine Doyle, aliyewahi kufanya kazi kiwandani Michigan, aliona picha ya zamani ya gazetini ya msichana kwenye mashine, akaamini kwa dhati kuwa ni yeye. Baadaye akaliona bango, akaona wanafanana. Vyombo vya habari vilibeba habari hiyo, na kwa zaidi ya miaka ishirini yeye ndiye aliyetajwa. Mtafiti wa chuo kikuu, James Kimble, alitafuta picha asilia hadi akaipata ikiwa na maelezo yake nyuma: ilipigwa mwaka 1942 katika kambi ya ndege za jeshi la majini ya Alameda, California, na msichana alikuwa Naomi Parker, baadaye Naomi Parker Fraley. Utafiti ulichapishwa mwaka 2016, bibi huyo akiwa bado hai. Alifariki Januari 2018 akiwa na miaka 96. Hata hivyo Kimble mwenyewe alikuwa mwangalifu: tunajua sasa nani yuko kwenye picha, lakini hakuna uthibitisho kwamba Miller aliitazama picha hiyo alipokuwa akichora. Magazeti yaliyotangaza kuwa Rosie halisi amepatikana yaliruka hatua hiyo. (Wa kuchanganya zaidi: msichana aliyemkalia Rockwell kama kielelezo naye alikuwa na jina la Doyle, Mary Doyle, wala hana uhusiano na Geraldine.)

Wanawake kuingia viwandani ni jambo la kweli kabisa. Walikuwa kama asilimia 27 ya nguvu kazi ya Marekani mwaka 1940, wakafika karibu asilimia 37 mwaka 1945. Kilichowavuta kilikuwa mshahara, upungufu wa wanaume, na kampeni nyingi za serikali ambazo leo hakuna anayezichapa kwenye vikombe. Vita vilipoisha, wengi wao waliondolewa ili kuwapisha wanaume waliorudi.

Karoti, hadithi yenye tabaka mbili

Wengi tumekuzwa tukiambiwa karoti huongeza uwezo wa kuona gizani. Baadhi yetu tumefika hatua ya pili ya ujanja, tukasoma mahali kwamba huo ulikuwa uongo wa Waingereza wa kuwapumbaza Wajerumani kuhusu rada, mtambo wa kugundua ndege kwa mawimbi ya redio. Tukajiona tumeamka. Tatizo ni kwamba hatua hiyo ya pili nayo ina mashimo.

Kilicho wazi ni hiki. Usiku wa Novemba 1940 rubani John Cunningham alitungua ndege ya Ujerumani kwa msaada wa rada iliyofungwa ndani ya ndege yake, teknolojia iliyokuwa siri. Aliendelea kutungua nyingine, magazeti yakampachika jina la macho ya paka, na maelezo yaliyotolewa kwa umma kuhusu uhodari wa marubani wa usiku yaligusia macho makali na ulaji wa karoti. Rada haikutajwa. Wakati huohuo Wizara ya Chakula ilikuwa na tatizo lake jingine kabisa: sukari na vyakula vingi vilikuwa kwenye mgao tangu Januari 1940, lakini karoti zilikuwa tele. Ikabuni kibonzo cha Daktari Karoti, ikasambaza mapishi ya karoti, na ikawaambia raia wanaojikwaa gizani, kwa kuwa taa za barabarani zilizimwa, kwamba karoti zitawasaidia kuona.

Kwa hiyo raia waliamini, na wakala karoti. Ila hakuna ushahidi kwamba amiri jeshi wa Ujerumani aliisoma habari hiyo akasema, kumbe siri yao ni mboga. Wajerumani walikuwa na rada zao wenyewe na walijua Waingereza wanazo. Hadithi ya kwamba adui alidanganywa ni tamu kwa sababu inampa msomaji nafasi ya kumcheka adui, na utamu huo ndio umeiweka hai.

Kwa upande wa afya, mwili hutengeneza vitamini A kutokana na karoti, na mtu aliyepungukiwa sana na vitamini hiyo hupata shida ya kuona usiku. Kumrudishia vitamini kunamsaidia. Asiye na upungufu akila gunia zima haongezi kitu machoni.

Wimbo wa adui, na mwanamke ambaye hakuwepo

Kama mabango ndiyo yanayokumbukwa, redio ndiyo iliyofanya kazi. Bango unalipita, redio inaingia chumbani, tena usiku, na mawimbi yake hayaulizwi pasi mpakani. Mwanajeshi aliyekuwa jangwani Afrika Kaskazini aliweza kuzungusha kitufe akasikia stesheni ya adui wake kwa urahisi uleule wa kusikia ya kwao.

Hivyo ndivyo wimbo wa Lili Marleen ulivyoenea. Maneno yake yaliandikwa na Hans Leip mwaka 1915, enzi za vita vya kwanza. Muziki ulitungwa na Norbert Schultze mwaka 1938. Lale Andersen akaurekodi mwaka 1939. Santuri haikuuza. Mwaka 1941 Wajerumani waliiteka Belgrade wakafungua hapo redio ya wanajeshi wao yenye santuri chache, na wimbo huo ulikuwa mmojawapo. Ukaanza kupigwa kila usiku muda mfupi kabla ya saa nne, stesheni ikielekea kufunga siku. Ni wimbo wa askari anayemkumbuka mpenzi wake chini ya taa ya barabarani karibu na lango la kambi. Haumtukani adui wala kuitukuza nchi.

Askari wa Uingereza waliokuwa upande wa pili wa jangwa wakaupenda vilevile. Joseph Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, hakuupenda kwa huzuni yake, na mwaka 1942 Lale Andersen alipigwa marufuku kwa muda baada ya kugundulika ana mawasiliano na marafiki Wayahudi walioko Uswisi. Wimbo uliokuwa umedoda dukani ukawa mali ya majeshi mawili yanayouana, bila ofisi yoyote kuupangia hivyo, na waziri mwenye mamlaka yote ya redio ya nchi yake akashindwa kuufuta masikioni mwa watu. Ofisi za propaganda zilifanya kilichobaki: Waingereza wakatoa toleo la Kiingereza, na Marlene Dietrich, Mjerumani aliyekuwa raia wa Marekani, akauimba kwa ajili ya upande wa Washirika.

Wanazi nao walikuwa na vituko vyao. Waliulaani muziki wa jazi kuwa ni uchafu wa watu weusi na Wayahudi, na papo hapo wakaigharamia bendi ya jazi iitwayo Charlie and His Orchestra, mwimbaji wake akiwa Karl Schwedler. Bendi ilipiga nyimbo za Kimarekani zilizokuwa zikitamba, ubeti wa kwanza kama ulivyo, ubeti wa pili umegeuzwa kuwa matusi kwa Churchill, Roosevelt na Wayahudi. Zilirushwa kwa masafa mafupi kuelekea Uingereza na Marekani. Mjerumani wa kawaida hakutakiwa kuzisikia.

Waingereza walijibu kwa ustadi zaidi. Mwishoni mwa 1943 ilianza kusikika Soldatensender Calais, stesheni iliyojitambulisha kuwa ya wanajeshi wa Ujerumani iliyoko Ufaransa. Ilikuwa Uingereza. Aliyeiongoza ni Sefton Delmer, mwandishi wa habari aliyezaliwa Berlin na aliyekijua Kijerumani hadi lugha ya vijiweni. Ilipiga muziki mzuri, jazi ikiwemo, ikatoa matokeo ya michezo na habari ambazo sehemu kubwa zilikuwa za kweli. Katikati ya ukweli huo ikachomekwa habari moja ya kumtia askari wasiwasi kuhusu mkewe au makamanda wake. Hii ndiyo ile barua ya saini ya kughushi.

Kuhusu Tokyo Rose, hadithi inasema alikuwa mwanamke wa Kijapani mwenye sauti laini aliyewakatisha tamaa Wamarekani katika bahari ya Pasifiki. Hakukuwa na mtangazaji yeyote aliyejiita kwa jina hilo. Ni askari wa Kimarekani waliomwita hivyo kila mwanamke waliyemsikia akizungumza Kiingereza kutoka stesheni za Japani, nao walikuwa kadhaa. Vita vilipoisha, waandishi wa habari walifika Tokyo wakimtafuta mtu asiyekuwepo, na fedha mkononi.

Aliyepatikana ni Iva Toguri. Alizaliwa Los Angeles tarehe 4 Julai 1916, akaenda Japani mwaka 1941 kumwangalia shangazi yake mgonjwa, vita vikamkwamisha huko. Alishinikizwa aukane uraia wa Marekani, akakataa, na kwa kukataa akanyimwa kadi ya mgao wa chakula. Alipata kazi Radio Tokyo, akawekwa kwenye kipindi ambacho maneno yake yaliandikwa na mateka wa vita, wakiongozwa na Mwaustralia Charles Cousens, waliojitahidi kukifanya kiwe kichekesho kisicho na madhara. Hewani alijiita Orphan Ann. Mara kwa mara aliwapelekea mateka hao chakula kwa siri. Waandishi walipomwahidi dola 2,000 kwa mahojiano, akakubali kutia saini kuwa yeye ndiye Tokyo Rose. Fedha hizo hakuzipata. Mwaka 1949 mahakama ya San Francisco ilimtia hatiani kwa shtaka moja la uhaini kati ya manane, akahukumiwa miaka 10 na faini ya dola 10,000. Alitumikia zaidi ya miaka sita. Mwaka 1976 mashahidi wawili muhimu walimkiri mwandishi wa Chicago Tribune kuwa walilazimishwa kusema uongo, na tarehe 19 Januari 1977 Rais Gerald Ford alimsamehe.

Katika yote yaliyoelezwa hapa, hili ndilo lililo zito kuliko mengine. Bango la ghalani halikumdhuru mtu. Jina la kubuni la askari, likibebwa na magazeti na kuingia kortini, lilimfunga binadamu.

Santuri zilizovunjwa

Kwa nini muziki wenyewe waliousikiliza askari haujulikani sana? Sababu zake ni za kimada zaidi kuliko za ladha. Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu wa huko India na nchi jirani. Vita vya Asia viliivuruga biashara hiyo, na mwaka 1942 serikali ya Marekani ikapunguza sana shelaki ya kutengenezea santuri. Watu wakaombwa warudishe santuri za zamani ili ziyeyushwe.

Mwaka huohuo, kuanzia tarehe 1 Agosti, chama cha wanamuziki wa Marekani chini ya James Petrillo kiligoma kurekodi, kikidai malipo kwa sababu redio na mashine za muziki zilikuwa zikiwanyima wapigaji kazi. Baadhi ya kampuni zilikubali masharti mwaka 1943. Mbili kubwa, RCA Victor na Columbia, zilishikilia hadi Novemba 1944. Waimbaji hawakuwa wanachama wa chama hicho, hivyo waliendelea kurekodi wakisindikizwa na kwaya pekee bila ala. Kijana Frank Sinatra alikuwa mmoja wao. Mwimbaji akazidi kuwa mbele, kiongozi wa bendi kubwa akarudi nyuma, na hali hiyo ikadumu baada ya vita.

Kwa askari yalifanywa mapatano maalumu. Kuanzia Oktoba 1943 jeshi lilitoa santuri zake, zilizoitwa V-Disc, nyingi zikiwa za plastiki isiyovunjika kirahisi safarini. Wanamuziki walikubali kupiga bila malipo kwa sharti kwamba santuri hizo zisiuzwe kamwe na kalibu zake za kuchapia ziharibiwe kazi ikiisha. Zilitumwa zaidi ya milioni nane. Mradi ulifungwa mwaka 1949, kalibu zikaharibiwa kweli, na santuri nyingi zikavunjwa. Kilichosalia kiliokolewa na askari walioficha nakala kwenye mizigo yao kinyume cha sheria.

Upande wa Kiswahili kuna mfano unaofanana na hayo, ingawa wenyewe uliishia vizuri zaidi. Askari zaidi ya laki tatu wa Afrika Mashariki waliandikishwa katika vita hivyo, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma, na miongoni mwao alikuwamo Fundi Konde, aliyewapigia wenzake muziki katika kikosi cha burudani. Tanganyika, Shaaban Robert aliandika tenzi ya vita vyote, Utenzi wa Vita vya Uhuru, yenye beti zipatazo 3,000. Aliianza vita vikiwa bado vinaendelea, bila kujua nani atashinda, na hilo linaonekana katika jinsi anavyosimulia mapigano moja baada ya jingine kama habari za wiki. Kitabu kilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa raia wa nchi huru, na neno uhuru kwenye jalada kwao lilikuwa limeshapata maana nyingine.